Macho Kwenye Karatasi

Basi lilitushusha kando ya barabara, mbele ya kituo cha mafuta kilichofungwa, na kabla sijanyoosha miguu likawa limeshatupa kisogo. Nilikuwa nimesafiri kwa muda wa saa kumi na moja. Nimeingia miji mingi kwa namna hiyo, begi begani na jina la ofisi moja kwenye kipande cha karatasi, lakini bado kila mara moyo hunidunda kama wa mwanafunzi siku ya kwanza ya shule. Sikumjua mtu. Sikujua hata jua linachomozea upande gani. Nilichojua ni kwamba mama yangu alizaliwa katika hospitali ya mji huo, na kwamba bila cheti chake cha kuzaliwa nisingepewa pasipoti mpya. Mama mwenyewe hayupo tena wa kuulizwa. Na mtu kama mimi, anayeandika vitabu vya safari, bila pasipoti ni sawa na mvuvi wa samaki aliyenyang'anywa ndoano na bwawa kwa pamoja.

Mwanamke aliyekuwa anafagia mbele ya duka la dawa alinitazama nikizunguka, akaniuliza kama nimepotea au nimefika. Nikamwambia yote mawili. Akacheka, akanielekeza kwa fundi saa mwenye chumba cha kupangisha uani. Nifuate njia hiyo hiyo, akasema, nikisikia saa nyingi zinabishana nijue ndipo.

Zilikuwa zinabishana kweli. Sebule ya fundi saa ilikuwa na saa za ukutani zisizopungua ishirini, hakuna mbili zilizokubaliana. Yeye mwenyewe alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye lenzi iliyobanwa jichoni kiasi kwamba alinisalimia kwa jicho moja. Tulielewana haraka. Baada ya dakika kumi nilikuwa "mdogo wangu", naye "kaka". Chumba kilikuwa na kitanda, dirisha, msumari wa kutundikia nguo, basi. Pembeni mwa sebule, juu ya kimeza chake peke yake, kulikuwa na kitu kilichofunikwa kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Nilinyoosha mkono nikifunue. Fundi saa akaondoa lenzi kwa mara ya kwanza.

"Hiyo taipureta ya mke wangu," akasema. "Mimi mwenyewe mwaka wa kumi huu sijaruhusiwa kuifuta vumbi."

Nililala jioni ile ile kama gogo. Nilipoamka, mwenye taipureta alikuwa ameshakwenda kazini. Sikuuliza kazi gani.

Ofisi ya usajili ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja na meza sita zilizopangwa kama darasa. Juu ya kila meza palikuwa na tableti iliyosimamishwa kwenye kibodi yake, na ubavuni mwake daftari kubwa la zamani la wodi ya wazazi, lenye karatasi zilizogeuka rangi ya chai. Watu sita walikuwa wanahamisha majina ya watoto waliozaliwa miaka hiyo kutoka daftarini kwenda kwenye fomu ya mtandao. Watano walikuwa wanadonoa donoa, herufi moja, macho juu, herufi nyingine, macho chini. Wa sita, mwanamke mwenye mgongo ulionyooka kama rula, alikuwa anaandika kwa kasi ambayo sijawahi kuisikia. Halikuwa donodono, ulikuwa mvumo. Nimewahi kukaa karibu na wapiga ngoma hodari kuliko wote katika nchi nne na hakuna aliyenisisimua hivyo kabla ya saa tatu asubuhi.

Msimamizi alikuwa mwanaume mrefu mwenye miwani inayoning'inia shingoni kwa uzi. Alinisikiliza, akatafuta, akafurahi kuniambia kwamba daftari la mwaka wa mama lilikwisha kuandikwa Jumatatu, siku mbili zilizopita. Akabonyeza. Printa ikakohoa, ikatoa cheti. Tarehe sawa, wodi sawa, bibi yangu sawa. Nikafika kwenye jina la mtoto.

Nimezunguka sana na lugha zimeniganda mwilini kama vumbi la safari. Mtu mwingine angeona jina lililoharibika tu. Mimi nilisoma neno kamili, lisilo na kosa hata moja, la lugha ya mbali niliyojifunza nikifanya kazi jikoni kwenye hoteli moja. Kwa lugha hiyo, mama yangu alikuwa ameandikwa Mfuniko. Mfuniko wa sufuria.

Kwanza nilicheka. Kisha nikakumbuka zile saa kumi na moja za basi, nikapandisha sauti. Nilisema mengi, na mengine sikupaswa kuyasema. Msimamizi hakubisha. Alivaa miwani, akafungua kitabu cha malalamiko, akatafuta nani aliandika ukurasa ule, akaandika polepole: meza namba nne. Mvumo ulikatika. Ule mgongo wa rula haukugeuka.

Akanivuta pembeni kunieleza. Wale sita walikuwa kwenye majaribio ya siku tano. Ijumaa jioni wangechaguliwa wawili kwenda kufungua ofisi mpya katika mji wa kaskazini, mwaka mzima, wakiwafundisha wenzao. Mwenye makosa zaidi ya kumi kwa siku hafikiriwi. Meza namba nne ilikuwa imeandika mara tatu ya wengine wote, lakini Jumatatu ilikuwa na makosa arobaini na saba, na jana hamsini na mawili.

"Na sasa kuna lalamiko la maandishi," akasema, kwa huzuni ya kweli. "Huyu basi tena."

Kuhusu cheti changu, ukurasa ulikuwa umeshatumwa makao makuu. Kuurekebisha kunahitaji idhini, na idhini huchukua wiki mbili. Nilirudi nyumbani kwa fundi saa nikiwa nimekasirika, na sitaficha, nikiwa nimeridhika kidogo kwamba kuna mtu atakayelipia mfuniko ule.

Jua lilikuwa bado halijazama tulipokaa kula. Mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke aliyenyooka kama rula.

Alinitazama. Nikamtazama. Fundi saa, ambaye kwenye sahani haoni mbali kama kwenye saa, akaanza kututambulisha: mdogo wangu, huyu ndiye mke wangu, Bi Cherehani, mji mzima unamwita hivyo kwa sababu ya mlio wa mikono yake, mke wangu, huyu ni mgeni wetu, mwandishi.

"Tumeshaonana," akasema Bi Cherehani. Akanawa mikono, akaketi, akajipakulia. "Mimi ndiye meza namba nne. Yaani shemeji huyu kafika jana, amelala kwangu, kanywa chai yangu, asubuhi akaenda kunishtaki. Hata bawabu amenipa pole."

Nilitaka ardhi inimeze na begi langu. Fundi saa alicheka mpaka akapaliwa. Mkewe hakucheka, lakini alinisogezea bakuli, nikajua sitafukuzwa.

Alichotaka kujua ni kimoja: nilikuwa nimesoma nini hasa kwenye cheti kile? Nikamweleza kuhusu mfuniko. Akaweka kijiko chini. Jana msimamizi alipomwonyesha orodha ya makosa, alikataa kuamini kwamba mikono yake imeandika vitu vile. Akanitajia mengine anayoyakumbuka, nami nikamtafsiria: mzee mmoja alikuwa karoti. Mapacha wawili walikuwa Jumanne na Februari. Alidhani labda uzee umempata ghafla, kama mafua.

Na hapo ndipo nilipopata kumjua, kati ya bakuli la kwanza na la pili. Alisoma chuo cha uhazili akiwa na miaka kumi na tisa. Mwalimu wao aliwafunika mikono kwa kitambaa cheupe kilichoshonwa shingoni kama bibu ya mtoto, ili wasione vidole, na kila aliyeinua macho kutoka kwenye karatasi aligongwa bega kwa rula. Macho kwenye karatasi. Alisema hivyo akiwa amefumba ya kwake. Miaka kumi na saba aliandika barua za ofisi ya wilaya na hakuna barua yake iliyowahi kurudishwa. Taipureta zilipotupwa, yeye aliibeba yake kichwani hadi nyumbani, na kwa miaka kumi mingine akaandikia watu kwenye varanda ya posta. Wanafunzi wanaokwenda ng'ambo, wauguzi waliopata kazi mbali, wanaume wanaofuata wake zao: barua zao zote za safari zilipita mikononi mwake. Aliweza kunitajia masharti ya viza ya nchi nane. Yeye mwenyewe hajawahi kuvuka mto ulio nje ya mji.

"Mji wenyewe wa kaskazini hata si mbali," akasema. "Saa tisa kwa basi. Lakini nimewaandikia watu elfu waondoke. Nataka na mimi mara moja nikae dirishani."

Nikaacha kula. Lalamiko langu lilikuwa limekaa pale mezani katikati yetu, kubwa kuliko sufuria.

Fundi saa ndiye aliyeuliza swali la maana. Je, jina linabadilika wakati gani, katikati ya kuliandika au likishakwisha? Bi Cherehani akatazama vidole vyake. Hakujua. Hakuwa ameona hata mara moja. Wenzake, kama tulivyokuja kujua kesho yake, walikuwa wanaona, kwa sababu macho yao yako kwenye kioo muda wote. Jina likigeuka wanalifuta na kuliandika upya, mara ya pili mashine inaliacha, na kila mmoja alidhani ndivyo kazi ilivyo. Ndiyo maana walikuwa na makosa machache na kurasa chache. Mtu aliyefundishwa vizuri mno pekee ndiye angeweza kukosea kama yeye.

"Basi kesho tazama kioo," akasema mumewe. "Saa ikiletwa hapa, siiulizi nani kakuharibu. Naitazama inavyotembea."

Bi Cherehani alikunja uso kana kwamba ameambiwa atoke bila viatu. Kutazama kioo, akasema, ni kutazama vidole kwa njia ya kuzunguka.

"Mara moja tu," fundi saa akasema. "Sitamwambia mtu."

Usiku ule niliyaandika hayo yote kwenye kompyuta yangu ndogo, na Alhamisi asubuhi mimi na Bi Cherehani tulikwenda pamoja. Njiani alikuwa ameshapata hila: lalamiko ni langu, kwa hiyo nina haki ya kukaa karibu na kushuhudia linavyoshughulikiwa. Msimamizi alikuna kichwa, akapekua kanuni, hakuona palipokataza. Akanipa kiti.

Bi Cherehani alifungua daftari, kisha akafanya jambo ambalo naamini lilimwuma kama kung'oa jino. Aliinua macho.

Aliandika jina la kwanza la ukurasa. Likakaa pale, kamili, la kupendeza. Akabonyeza kwenda kisanduku kinachofuata, na jina likatetemeka kidogo, kwa muda wa kupepesa jicho, likawa kitu kingine. Mimi nilijua ni nini. Ilikuwa aina ya bisibisi.

"Umeiona," akanong'ona. Haikuwa hasira. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyemfuma panya baada ya kulaumiwa miezi kwamba ni yeye anayekula mkate. "Inasubiri nimalize. Nikigeuka tu, inabadilisha."

Nilimwambia ninachokijua, kwamba hata simu yangu ina tabia hiyo ya kuweka neno la kamusi yake mahali pa jina isilolijua. Huwa naingia kwenye mipangilio na kuizima. Akafungua mipangilio. Palikuwa na kufuli na nafasi ya nenosiri. Tableti zote zilifungwa makao makuu na msimamizi mwenyewe hakuwa na ufunguo. Ningekuwa peke yangu ningeishia hapo, niandike barua ya kulalamika na kuondoka.

Yeye hakuishia hapo. Alikaa akiitazama ile fomu kama mumewe anavyotazama tumbo la saa. Ilikuwa na visanduku sita: namba ya kitabu, jina la mtoto, jina la mama, jina la baba, mahali, maelezo. Akasema, kama anayejisemea, kwamba yeye siku zote ameandika kila kitu mahali pake, na labda sasa kukosa adabu kidogo ndiko kunakohitajika. Akachukua lile lile jina la bisibisi akaliandika kwenye kisanduku cha mwisho. Likageuka. Akaliandika kwenye mahali. Likageuka. Jina la baba, likageuka. La mama, likageuka. Kisha akaliandika juu kabisa, kwenye namba ya kitabu, ambako hakuna mtu mwenye akili zake angeandika jina la mtoto.

Likakaa.

Akabonyeza kwenda chini, akarudi. Limekaa. Akaandika jina la pili. Limekaa. Mimi nikaanza kumpa majina kutoka kwenye daftari langu la safari, ya watu niliokula nao na kulala kwao katika lugha sita, majina yenye kukwaruza na yenye kuteleza, na kila moja aliloliandika kwenye kile kisanduku cha juu lilibaki kama alivyoliandika, na kila moja aliloliandika chini yake liligeuzwa kuwa mboga, mwezi au chombo cha jikoni. Nilikuwa nimeshasimama. Watu wa meza namba tatu na tano walikuwa wamesimama pia. Hatukujua tumesimama saa ngapi.

"Kwa hiyo siyo mashine," akasema Bi Cherehani. "Ingekuwa mashine ingegusa kote. Kuna mtu aliiambia isiguse hapa." Akagusa kile kisanduku kwa ncha ya kidole, taratibu. "Namba za vitabu zimeheshimiwa. Majina ya watoto ndiyo hayakuheshimiwa."

Akamwita msimamizi. Msimamizi akampigia fundi wa mtandao wa makao makuu, yule aliyeitengeneza fomu, akaiweka simu juu ya daftari ili sote tusikie. Fundi alikuwa na sauti ya mtu anayekula huku anafanya kazi. Alieleza kwa upole wa kuchosha kwamba jambo hilo ni la kifaa, mama, si la fomu, na kwamba vifaa vina kitengo chake, na kitengo hicho hupokea maombi kila mwanzo wa mwezi.

Bi Cherehani alimwacha amalize. Miaka kumi na saba ya kuandika barua za wakubwa ilikuwa imemfundisha kusubiri nukta.

"Baba," akasema, "kwenye kisanduku cha namba ya kitabu ulifanya nini?"

Kutafuna kulikoma.

"Mbona namba ya kitabu?"

"Nimeandika majina kumi na manne mle na hakuna lililoguswa. Chini yake yote yameguswa. Kuna kitu ulikiweka juu hukukiweka chini."

Fundi akacheka, kicheko cha mtu aliyeshikwa mkono ndani ya sukari. Akakiri. Wakati wa kuijaribu fomu, namba za vitabu zina herufi ndani yake, na kivinjari kilikuwa kinazigeuza maneno. Basi kwenye kisanduku kile akaongeza amri fupi ya kukizuia kisisahihishe chenyewe. Ni neno moja tu linaloandikwa ubavuni mwa kisanduku. Kila kisanduku kinaweza kuwa na lake. Kwenye majina hakukumbuka, kwa sababu alipojaribu aliandika jina lake mwenyewe, na jina lake mashine inalijua.

"Mimi jina langu hailijui," Bi Cherehani akasema. "Nililiandika asubuhi. Shemeji anasema nilikuwa kofia."

Tukaisikia kibodi ya fundi kupitia simu. Bi Cherehani alinisogelea sikioni. "Anaandika kwa vidole viwili," akaninong'oneza, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akatabasamu.

Fundi akasema tuifungue fomu upya. Tukaifungua. Bi Cherehani akaandika jina la bisibisi kwenye kisanduku cha mtoto, akabonyeza, sote wa meza zile, msimamizi na mimi tukiwa tumeinama juu ya kioo kile kidogo kana kwamba kuna kifaranga kinataka kutoka kwenye yai. Jina likakaa. Lakini chini yake palikuwa na mstari mwekundu wenye mawimbi.

Fundi akaeleza kwamba huo hauna madhara; ni amri nyingine kabisa, ya kukagua tahajia, nayo haibadilishi kitu, inaonyesha tu kidole.

"Nimeelewa kwamba haibadilishi," akasema Bi Cherehani. "Iondoe. Mtoto hajatenda kosa lolote, kazaliwa tu. Sitampigia mstari mwekundu."

Hakuna aliyecheka. Vidole viwili vikasikika tena. Mstari ukatoweka.

Fundi, ambaye sasa alikuwa amechangamka kuliko sisi, akauliza kama aizime pia kwenye kisanduku cha maelezo amalize fomu nzima. Hapana, Bi Cherehani akamwambia, pale aiache. Pale anaandika sentensi zake mwenyewe kwa lugha ambayo mashine inaijua, na akiteleza yuko tayari kushikwa mkono. Ni majina ya wenzake tu asiyotaka mtu ayaguse. Kwenye simu nilimsikia fundi akiliandika hilo mahali fulani, polepole, kwa kalamu.

Ilibaki ile idadi ya makosa. Msimamizi alivua miwani, akaivaa, akaivua. Alikubali kwamba kosa halikuwa la Bi Cherehani. Lakini orodha ya makosa ya Jumatatu, Jumanne na Jumatano ilikuwa imeshawekwa saini, na yeye si mtu wa kufuta saini. Alichoweza kufanya ni hiki: kama meza namba nne itayaandika upya majina yote ya siku tatu, mia tisa na sitini, na bado imalize kazi yake ya kawaida ya Alhamisi na Ijumaa, atahesabu upya kuanzia mwanzo na kulifunga lalamiko langu. Alikuwa anampa mlango, lakini mlango mwembamba sana. Nilimtazama usoni nikaona anatamani apite.

Bi Cherehani aliangalia saa ya ukutani. Saa nne na robo asubuhi. Akatoa kitambaa cheupe mkobani, kilichopigwa pasi, akakitandaza juu ya mikono yake na kibodi. Akaweka macho kwenye karatasi.

Nimeona mbio za farasi, na nimeona meli ikizinduliwa majini mbele ya watu elfu kumi. Sijawahi kushangilia moyoni kama nilivyoshangilia kando ya kitambaa kile. Kilikuwa kinacheza juu ya vidole kama maji yanayochemka chini ya mfuniko, na samahani mama kwa kusema hivyo. Kurasa ziligeuka. Mimi kazi yangu ilikuwa kugeuza kurasa; aliniamuru kwa kidevu. Meza namba mbili alimletea maji, naye akanywa kwa mrija bila kutoa mikono. Saa nane fundi saa alikuja na chakula kwenye bakuli, akakuta mkewe hasikii, akala yeye.

Ijumaa ilikuwa hivyo hivyo. Saa tisa na dakika arobaini alisimama, akakunja kitambaa mara nne, akakirudisha mkobani.

Msimamizi alikagua mwenyewe, kidole kwenye daftari, kidole kwenye kioo, mstari kwa mstari, na hakuna mtu aliyeondoka ingawa kazi ilikuwa imekwisha. Ilichukua muda. Mwishowe akainua kichwa akasema kuna kosa moja. Ukurasa wa mia na kumi na nane, herufi mbili zimepishana katika jina la baba.

Bi Cherehani aliinama akalitazama. Alilitazama kwa muda mrefu, na nilidhani anaumia. Kumbe alikuwa anafurahi, furaha ya mtu aliyeonyeshwa picha yake baada ya siku nyingi za kuonyeshwa ya mwingine.

"Hilo ni langu," akasema. "Hilo nimelifanya mwenyewe."

Msimamizi akaandika majina mawili kwenye karatasi yenye mhuri. Meza namba mbili, yule wa maji. Na meza namba nne.

Basi la kaskazini lilipita Jumatatu asubuhi, pale pale kwenye kituo cha mafuta kilichofungwa. Alikuwa amevaa koti la mvua ingawa hakukuwa na wingu, kwa sababu katika barua zote za safari alizowahi kuandika aliwashauri watu wabebe koti. Fundi saa alikuwa amembebea begi na kumrekebishia saa ya mkononi mara tatu. Angemfuata akishamaliza saa kumi na nne za wateja zilizo mezani. Hata kaskazini, alisema, saa zinaharibika.

Kabla ya kupanda, aligeuka kwangu. Idhini ya cheti changu bado ilikuwa na siku zake, nami nilikuwa sina pa kwenda, jambo ambalo halijanitokea kwa muda mrefu na ambalo, cha ajabu, halikuniuma.

"Shemeji," akasema, "nimekuachia ufunguo wa taipureta na kitambaa kiko juu yake. Mtu anayeandika vitabu kwa vidole viwili anatia aibu nyumba yangu. Wiki mbili zinakutosha kuanza."

"Umeniona wapi nikiandika?"

"Sijakuona. Nimekusikia usiku."

Akapanda. Alipata dirisha. Basi lilipoondoka hakupunga mkono. Alikuwa ameshaigeuzia barabara uso, mgongo umenyooka, anaisoma.

Fundi saa nami tulirudi bila kusema mengi. Yeye akabana lenzi jichoni. Mimi nikaifunua taipureta, nikaingiza karatasi, nikafunika mikono kwa kitambaa. Nikalitazama jina la mama kwenye nakala ya daftari, jina lake kamili, nikaanza kupapasa herufi moja moja katikati ya ubishi wa saa zote zile. Ilinichukua dakika nne. Fundi saa akaja nyuma yangu, akainama na jicho lake moja.

"Umekosea mara mbili, mdogo wangu."

"Hayo ni yangu," nikamwambia, nikaweka karatasi nyingine.